Herufi H Ina Majina Mawili

Wengi wanaosimulia mambo kama haya husema yaliwakuta usiku wa manane, wakiwa peke yao njiani. Yangu yalinikuta asubuhi, chai nimeshakunywa, na shahidi ninaye. Ni mama yangu mkubwa, mtu asiyevumilia upuuzi hata kidogo. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, ukimaliza unisikilize.

Mimi hutengeneza video za kuwafundisha watoto wadogo herufi. Sikusomea. Nilijifunza mwenyewe kwa simu, chumbani kwetu Mkomaindo, hapa Masasi, kwa kutazama za wenzangu na kuzikosoa. Na nikuambie ukweli, siwezi kuacha kitu kikiwa kizuri tu. Tumbo la B likizidi kidogo, sipati usingizi. Nimewahi kufuta kazi ya siku nzima kwa sababu njano ya M haikufanana na njano ya N. Nikiwa na wasiwasi nachora upya, na wasiwasi ninao kila siku.

Wakati ule wasiwasi wangu ulikuwa na jina: Zuhura, mtoto wa dada yangu. Alikuwa ametimiza miaka mitatu na hajasema neno. Akitaka kitu alikushika kidole akakupeleka kilipo. Hospitali walimpima masikio, wakasema anasikia vizuri, tuzidi kuongea naye. Majirani nao hawakuchoka. "Mama Zuhura, mpeleke huyo akakatwe udata wa ulimi." "Mama Zuhura, mbona mtoto hata kulia analia kwa adabu?" Dada alicheka nao barazani, kisha akaingia ndani na kukaa kitandani bila kuvua hata viatu. Mimi nikajiapiza: nitatengeneza video moja isiyo na kasoro yoyote, na kwa video hiyo Zuhura ataongea.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana kisa chote kimo humo. Katika video ya herufi unasema, "A ni ya Asha. Sema A." Halafu unanyamaza kidogo. Mtoto, popote alipo, anajibu katika nafasi ile uliyomwachia. Kisha unamsifu: "Vizuri sana, mwanangu!" Humjui, humwoni, lakini unamsifu kana kwamba yuko mbele yako. Ile nafasi ndiyo darasa.

Mkomaindo hakuna nafasi. Kila nikinyamaza bodaboda inapita, fundi anachomelea geti, au jogoo wa jirani anajibu kwa niaba ya watoto wote wa Tanzania. Ningeweza kukata sauti kabisa, lakini kimya cha kukatwa husikika kama simu imezimika. Nilitaka kimya chenye hewa ndani. Ndiyo maana nilimbeba Zuhura, nikapanda basi la Newala, tukaenda hadi Kitangari kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Eti umekuja kurekodi kimya?"

"Ndiyo."

"Cha Masasi mmekimaliza, sasa mnafuata na chetu?" Akamnyanyua Zuhura, akamtazama machoni. "Na huyu je, kimya chake hakikutosha?"

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Asubuhi iliyofuata wapulizaji walikuwa wameshamaliza na kuondoka na mashine zao, harufu ikabaki imening'inia kwenye ukungu. Sijui kama umewahi kuuona ukungu wa nyanda zile za juu. Mikorosho ya karibu ilionekana kama watu waliosimama wakingoja kuitwa. Ya mbali haikuwepo kabisa.

Mama mkubwa alikuwa anatoka na ndoo kwenda kisimani, chini bondeni.

"Wewe, Mama Herufi," akaniambia, "ukungu ukiwepo huku hatuiti mtoto hivi hivi. Usiseme mwanangu, usiseme njoo. Muite kwa jina. Sema Zuhura."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unajua unamwita nani. Anayesikia hajui."

Nikaitikia vizuri, ndiyo mama mkubwa. Lakini video ilikuwa ya watoto wote, ningetajaje jina la mmoja? Neno "mwanangu" nilikuwa nimelichagua baada ya kulifikiria sana, na sikuwa mtu wa kubadilisha neno kwa sababu ya ukungu.

Nilikaa chini ya mkorosho. Zuhura nilimweka nyuma yangu, juu ya kanga, na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kisha nikajifunika blanketi gubigubi, mimi na simu, upepo usiingie kwenye sauti. Ndivyo tunavyofanya tusio na studio. Mle ndani mlikuwa na joto na pumzi yangu mwenyewe.

"A ni ya Asha. Sema A."

Nikanyamaza.

"A," ikasema sauti ya mtoto nyuma yangu.

Niamini, nilisahau kuvuta pumzi. Zuhura! Nilitaka kulitupa blanketi, nimkumbatie, nimpigie dada simu. Lakini umeshanijua sasa. Niliogopa kuharibu. Akiniona atanyamaza, nikajiambia, acha aendelee. Na Mungu anisamehe, niliwaza pia jinsi sauti ile ilivyokuwa safi. Basi nikasema kwa sauti yangu ya video, machozi yakinitiririka, "Vizuri sana, mwanangu!"

"B ni ya Bakari. Sema B."

"B."

"Vizuri sana, mwanangu!"

Tukaenda hivyo, herufi kwa herufi, na kila herufi sauti ilisogea karibu. Tulipofika katikati nilihisi kitu kikigusa blanketi, kidogo tu, kama paka anapopita. Sikuona ajabu. Unajua zile ndoto nzuri ambazo unajua kabisa ni ndoto, ukajikaza usiamke? Nilikuwa hivyo. Hatimaye nikafika kwenye Z, niliyokuwa nimemwekea yeye kama zawadi.

"Z ni ya Zuhura. Sema Z."

Kimya kikawa kirefu. Kisha sauti ikasema, "Na yangu?"

Nikafunua blanketi.

Kanga ilikuwa tupu. Muhogo ulikuwepo, umeng'atwa mara moja. Nyuma yangu, palipoanzia njia ya kuteremkia kisimani, watoto wawili walikuwa wamesimama wameshikana mikono. Mmoja alikuwa Zuhura na gauni lake jekundu. Mwenzake alikuwa wa kimo kilekile, amezungushiwa kitambaa cheupe, na ukungu ulikuwa unapita mbele yake, nyuma yake na, sijui nisemeje, katikati yake.

"Zuhura!"

Hakugeuka. Mtoto ambaye ukimwita tu hugeuka hata akiwa usingizini, siku hiyo hakugeuka. Na ile njia ni mteremko mkali wenye mawe, na kulia kwake ardhi inakatika ghafla. Watu wazima huanguka pale.

Yule mwingine alinitazama. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa na sura ya mtoto aliyejibu yote, akasifiwa, na sasa anangoja zamu yake.

"Yangu?" akauliza tena.

"Jina lako nani?"

Akatikisa kichwa. "Sijapewa."

Akashuka hatua moja, na Zuhura akashuka naye.

Sikuthubutu kuwakimbilia, wasije wakateleza kwenye mawe. Nikaanza kutaja majina yoyote yaliyonijia. Juma. Salumu. Rashidi. Kila jina alitikisa kichwa na kushuka, na gauni jekundu likazidi kufifia. Kazi yangu yote ilikuwa kuipa kila herufi mtoto wake, na sasa mtoto alikuwa mbele yangu na sikuwa na jina la kumpa.

Ndipo mama mkubwa alipotokea kutoka bondeni, ndoo kichwani. Aliwaona. Ndoo ikaanguka. Kule maji hayamwagwi ovyo, mtu yuko tayari aumie mguu lakini aiokoe ndoo. Mama mkubwa aliiachia.

Hakuniuliza kitu. "Angekuwa mkubwa kuliko wewe," alisema, akimtazama yule wa kitambaa cheupe. "Mtoto wangu wa kwanza. Tulikuwa tunangoja siku ya saba tumpe jina. Hakuifikia."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na kaka. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumtaja. Wangemtajaje?

"Ulikuwa umemchagulia jina?" nikauliza.

"Lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Ningelitoa kwa nani?"

"Litoe sasa, mama."

Akapiga magoti kwenye tope la maji yake mwenyewe. "Hamisi," akasema.

Mtoto akanigeukia mimi. Alitaka herufi, kama wenzake. Na H nilikuwa nimeshampa Halima, nimeichora, nimeipaka rangi, haina kasoro. Nikakohoa, nikasema kwa sauti ya video, ikitetemeka vibaya: "H ni ya Halima. H ni ya Hamisi pia. Sema H."

"H," akasema.

Mama mkubwa ndiye aliyemsifu. "Vizuri sana, Hamisi. Vizuri sana, mwanangu."

Sikumwona akiondoka. Niliona tu kwamba mahali pale palikuwa na ukungu, basi. Zuhura alibaki peke yake njiani, kiganja wazi. Akatazama bondeni, akapunga mkono, akasema neno lake la kwanza hapa duniani: "Hamisi."

Siku hizi Zuhura anaongea kuanzia anapoamka hadi anapolala. Majirani walewale wanamwambia dada, "Mama Zuhura, huo udata hauwezi kurudishwa?" Kule Kitangari mama mkubwa aliita watu, dua ikasomwa, na kaburi dogo ambalo sikuwahi kuonyeshwa likapata jina.

Ile sauti ya mtoto nimeitafuta kwenye rekodi mpaka masikio yakaniuma. Kuna mimi, kuna nafasi, kuna upepo. Lakini simu ilikuwa haijazimwa ndani ya blanketi, kwa hiyo ile H yangu ya mwisho imo, kwa mbali, inatetemeka. Niliihamishia mahali pa herufi H, nikaitoa video hivyo hivyo. Watu huniandikia kwamba nimesahau kufuta jina moja. Siwajibu, na sitalifuta.

Zuhura huitazama karibu kila siku. Anajibu herufi zote kwa kelele. Ikifika H ya Hamisi tu, ananyamaza, ananyoosha kiganja pembeni yake, anangoja nafasi ile ipite. Kisha ananigeukia na kusema, "Amesema."

Kwa hiyo wewe unayemwachia mtoto simu ajifunze herufi, kaa naye, ujue ni nani anayejibu. Wewe unayezitengeneza, kabla hujasema mwanangu, funua blanketi, geuka. Na kama kwenu kuna aliyeondoka kabla ya kupewa jina, mpeni, hata leo. Msimwache angojee kwenye nafasi za watoto wengine.