Gauni la Bibi Harusi

Mtaani kila mtu alimwita Shangazi, fundi cherehani. Mpwa wake alipokata shauri kutengeneza filamu ya mapenzi ya bibi na babu yake enzi za ujana wao, mavazi yote yakamwangukia yeye.

Kazi ilisuasua miaka nenda rudi. Kamera ikipatikana, mwigizaji yuko safarini. Mwigizaji akirudi, mvua haikatiki. Gauni la harusi Shangazi alilishona vizuri, kisha akalichakaza makusudi. Alilichovya kwenye chai ya rangi, akalianika juani, akasugua pindo kwa jiwe mpaka likaonekana la kale kweli. Mpwa akamsifu hadi akavimba kichwa.

Mama yake Shangazi, bibi harusi mwenyewe, aliishi nao nyumba moja, lakini hawakumuuliza neno. Walitaka kumfurahisha kwa ghafla.

Filamu ilipokamilika wakamketisha mbele ya televisheni. Harusi ilipofika akauliza:

“Huyo maskini ni nani?”

“Ni wewe, Mama.”

“Mimi, na tambara la kudekia?” Akacheka kidogo. “Mwanangu, gauni langu lilikuwa jipya. Hata kuketi niliogopa, lisijikunje. Baba yako akanitania kwamba ameoa sanamu ya dukani.”

Mpwa akainamisha kichwa. Mwigizaji alishahama nchi, kurudia haikuwezekana.

“Endelea kutazama, Mama,” Shangazi alisema.

“Natazama, mwanangu. Ila huyo simjui.”