Mikono Iliyoniweka Barazani

Siku waliponichagua kuwa mjumbe wa baraza la kata nilikuwa jikoni nyuma ya ofisi, nasonga ugali wa kamati. Kata yetu iko upande wa ziwa ukitoka Bunda mjini. Miaka ile sabuni na sukari tulikuwa tunavipangia foleni, na hata karatasi ilikuwa shida. Kamati ilikuwa imekaa tangu asubuhi kuchagua watu watano wa kuamua kesi ndogondogo: mipaka ya mashamba, ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya watu, matusi ya kilabuni. Wanne walikuwa wamepatikana.

Nikaingia na beseni la maji ya kunawa. Diwani, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, akanitazama.

"Huyu hapa," akasema. "Anajua kusoma na kuandika, na anafundishaga wale wa elimu ya watu wazima. Anayekubali anyooshe mkono."

Mikono ikanyooka. Mmoja alinyoosha wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshaingia kwenye maji yangu.

"Mheshimiwa, mimi sijaomba," nikasema.

"Hiyo haiombwi, mama. Unapewa. Miaka mitatu, halafu tunakutazama. Ukitufaa, unaendelea."

Jioni nilipomweleza mume wangu, aliendelea kunoa jembe. Hatimaye akasema, "Utaamua ng'ombe za watu, na kesho tunakutana nao kisimani." Nilikuwa nimefurahi kidogo, nikaona haya kufurahi.

Tulikaa kila Alhamisi. Mashauri tuliyaandika nyuma ya fomu za zamani za kununulia pamba, kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwepo. Malipo hayakuwepo, labda soda siku ambayo soda ilipatikana dukani. Kati ya wenzangu wanne, wawili nilikaa katikati yao: katekista mstaafu, mtu wa maneno machache, na mzee mmoja mfugaji ambaye alimwuliza kila mdai swali lilelile: "Ukishinda, kesho utamsalimia huyu?" Watu walichukia swali hilo. Wengine walisimama kulijibu, wakajikuta wanaondoka bila kudai tena.

Nilichoka mapema. Kesi ya dume moja la ng'ombe lililogombewa na ndugu wawili ilikula msimu wetu mzima wa palizi. Nilipalilia pamba yangu usiku kwa mbalamwezi, na nyasi zilinishinda. Hata hivyo nilikwenda kila Alhamisi, na nilianza kuwajua watu wa kata yangu kwa namna ambayo nisingependa kuwajua.

Mwaka wetu wa tatu mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Maduka ya Bunda yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashushwa kwa marobota, na magari ya barafu yakawa yanakuja kutoka Musoma kufuata sangara. Mfanyabiashara mmoja alitaka mahali pa kujenga banda la kupimia samaki. Mahali alipopataka palikuwa na mihogo ya mjane mmoja mzee, kando kabisa ya maji. Akaja barazani na karatasi inayosema kwamba marehemu mume wa yule bibi alimwuzia ardhi ile kabla ya kufa. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba.

Katekista aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mfanyabiashara, "Kwa nini aliweka dole?"

"Hakujua kuandika, mzee."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Jina lake liko kwenye kitabu cha ndoa kanisani, aliliandika mwenyewe, nikiwa nimesimama nyuma yake."

Tukaenda kukitazama kile kitabu, watano wote, kwa miguu. Mwandiko ulikuwepo, mkubwa, umeegemea upande mmoja. Tuliporudi tukapiga kura. Katekista, mfugaji na mimi tulimpa mjane haki yake. Wengine wawili walisema karatasi ni karatasi.

Haikupita wiki, diwani akanikuta nyumbani nachambua pamba. Alikaa kwenye kigoda, akaulizia watoto, akaulizia mvua.

"Ile hukumu yenu mama, mliitazama vizuri? Banda lile lingeleta kazi. Na uchaguzi wenu ni mwezi ujao."

"Imeshaandikwa, mheshimiwa."

"Imeandikwa nyuma ya fomu ya pamba. Siyo Biblia ile."

Alicheka, nami nikacheka, kwa kuwa alikuwa mgeni wangu. Alipoondoka nilichambua pamba mpaka giza likaingia.

Kamati ilikaa katika chumba kilekile. Safari hii nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wageni, na chakula alipika mtu mwingine. Lilipotajwa jina la mfugaji, mikono ilibaki mapajani. La katekista, vilevile. Hakuna aliyewasema vibaya. Diwani alisema tu, "Wazee wetu wamefanya kazi kubwa, tuwaache wapumzike." Nikajiandaa kupumzika nami. Lakini lilipotajwa langu, mikono ikapanda, na wa diwani ulikuwa wa kwanza.

Baadaye ndipo niliposikia kilichotokea. Wale wazee wawili walikwenda kwa diwani siku mbili kabla ya kikao, wakamwambia, "Yule mwanamke hakuamua kitu. Sisi ndio tuliomvuta." Nilipata hasira ambayo nilikuwa sijawahi kuipata. Nikamvizia katekista njiani, akiwa ameinamia baiskeli yake, mnyororo umetoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini mlisema sina akili?"

"Hatukusema huna akili. Tulisema tulikushawishi. Ilibidi abaki mtu mmoja mle ndani."

"Nibaki nifanye nini, peke yangu?"

Aliurudisha mnyororo, akajifuta mafuta mikononi kwa majani, akasukuma baiskeli.

Shamba la mjane lilirudi barazani kabla ya mavuno. Mdai sasa alikuwa mpwa wa yule mfanyabiashara, na mwenyekiti mpya akasema mdai mpya ni kesi mpya. Wahusika walipotolewa nje tushauriane, nilieleza habari ya kitabu cha ndoa. Wakanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kura zilikuwa nne kwa moja. Niliomba sababu zangu ziandikwe, katibu akaandika mstari mmoja.

Walipoitwa ndani, mwenyekiti akasema macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, akanisogezea ile karatasi. "Mama, wewe ndiye msomi wetu. Wasomee."

Nikasimama, nikasoma. Mjane alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga yake imefuliwa vizuri kwa ajili ya siku ile. Nilisoma kwamba ardhi si yake, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwasomea watu wazima silabi. Nilipomaliza alinitazama, na nikaona kwamba hakuelewa kwamba mimi nilikuwa nimekataa. Na angeelewaje? Maneno yalitoka kinywani mwangu.

Kesho yake nilikwenda kwake asubuhi kumweleza. Nikamwambia anaweza kukata rufaa mahakama ya mwanzo, barua nitamwandikia mimi.

"Na huko kuna wazee wanaokaa na hakimu?" akauliza.

"Wapo, bibi. Wawili."

"Wanachaguliwa na nani?"

"Majina yanapitia kwenye vikao kama hivi vyetu."

"Basi, mwanangu. Nimechoka kuulizwa mimi ni mke wa nani."

Alihamia kwa binti yake, kule Kiabakari. Banda likajengwa, mizani ikaning'inizwa, na mume wangu mwenyewe alipima samaki wake pale, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupimia.

Niliendelea kwenda Alhamisi. Miaka mitatu ilipoisha walinirudisha tena, kwa mikono yote, bila hata mmoja kukohoa. Siku ile ndiyo nililielewa neno la diwani. Nilikuwa nimewafaa: mmoja dhidi ya wanne, nisiyemzuia mtu, na nisomaye vizuri.

Safari moja, nikitoka Butiama kwenye msiba, niliteremka Kiabakari kumsalimu yule bibi. Nilimkuta anamenya mihogo ya kununua, maana uwanja wa binti yake ulikuwa changarawe tupu. Alinipa kisu, nikaketi tukamenya pamoja.

"Bado umo mle?" akauliza.

"Bado nimo, bibi."

"Wiki hii mliamua nini?"

Nikamweleza habari ya mbuzi wa mama mmoja: aliuawa na mbwa wa jirani, jirani akakana, watoto wakatoa ushahidi, na baraza zima likakubaliana alipe mbuzi mwingine.

"Akalipa?"

"Alilipa. Jike, tena lina mimba."

"Haya," akasema, akachukua muhogo mwingine.