Ile B Iliyozimika

Wiki iliyopita niliingia kwenye mkahawa mmoja mpya mjini kujikinga na mvua, nikakuta taa ya bibi yangu ukutani. Ndiyo, ya bibi yangu. Ile taa nyekundu ya neoni ya duka la mikate, sasa imekuwa pambo juu ya meza za vijana.

Ngoja nikusimulie. Miaka ya elfu mbili na kidogo tuliishi Rinkeby, kitongoji cha wahamiaji huko Uswidi, na Jumamosi za majira ya baridi bibi na baba walitupeleka mjini kwa treni ya chini ya ardhi, kwenda kuangalia "moto ulioandikwa," kama bibi alivyouita. Saa tisa alasiri giza limeshaingia, na juu ya majumba ya mawe kunawaka taa za matangazo: kiatu, kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke, mswaki unaojipaka dawa. Bibi alijifunza kusoma kwa Biblia kule Bujumbura, basi alizisoma taa zote kwa sauti, herufi moja moja, watu wakigeuka. Ö aliiita "O yenye macho."

Pembeni mwa jumba moja la manjano palikuwa na duka la mikate. Juu yake paliandikwa BRÖD, yaani mkate, ila B ilikuwa imezimika siku nyingi. Iliyobaki, RÖD, maana yake ni nyekundu. Bibi alinusa mkate na iliki, akasoma, akajua kwamba hivyo ndivyo mkate unavyoitwa. Tukataka kucheka, baba akatukata jicho.

Baba alikuwa na sababu. Hospitalini, dukani, kila mahali bibi alisemewa na sisi wajukuu, tena sisi ambao Kiswahili chake tulikijibu kwa Kiswidi. "Kuuliza si ujinga," alisema, "lakini miye nimechoka kutafsiriwa mpaka mkate."

Jumamosi moja akatuamuru tubaki nje. Kupitia kioo tulimwona akiweka kitenge chake sawa, akainua kidole: "Röd!" Muuzaji akamtazama, akatazama rafu, kisha akajaza kiboksi vibiskuti vidogo vyenye jemu nyekundu katikati. Bibi alitoka anameremeta kama bibi harusi. Alipokifungua akaguna: "Wazungu nao! Mkate wenyewe tonge moja, ndiyo maana hawanenepi."

Tangu hapo nyumbani kwetu kitafunio chochote cha chai kikaitwa rodi. Hata sisi watoto tulisema "leta rodi." Nalipenda neno hilo mpaka leo.

Mwaka mmoja B ikatengenezwa. Bibi alisimama barabarani akiitazama kwa muda. "Wameongeza nini pale?"

"Jina la mwenye duka, mama," baba akajibu. "Linaanza na B."

Akaridhika. Alikufa akijua kununua mkate.

Duka nalo lilifungwa. Mirija ile ya kioo ya taa za mjini, iliyokuwa ikivuma kama nyuki ukiikaribia, imeteremshwa mmoja mmoja, mahali pake pamewekwa taa za plastiki zisizo na sauti. Wala sijasikia tena mtu akiusoma mji kwa sauti, na hilo linaniuma zaidi.

Pale mkahawani herufi zote nne zilikuwa zinawaka. Kijana wa kaunta akaniuliza nataka nini.

"Röd," nikajibu, ulimi umeteleza.

Akanitazama, akatazama rafu, akaniomba radhi kwamba hakunielewa. Bila kufikiri, nikageuka nyuma kumtafuta bibi anitafsirie.