Nyama Iliyokatiwa Bima

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa napuliza moto wa chai hapa njia panda ya Modogashe. Dereva wa lori lililotoka Garissa alizima injini, akashuka, akasimama mbele ya birika langu bila kuagiza kitu. "Eddo ametutoka," alisema. "Tumemzika jana baada ya alasiri. Ni kile kifua chake." Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba maneno yangu huchelewa, mdomoni na hata kwenye karatasi. Nilimmiminia chai, naye akainywa akitazama kibanda cha jirani yangu, ambacho jiko lake lilikuwa limepoa tangu mwenyewe apelekwe hospitali.

Kwetu Wasomali eddo ni shangazi, na yule mama alikuwa shangazi wa kila aliyepita hapa na njaa. Alichoma nyama ya mbuzi na kukausha ya ngamia kwa moshi miaka mingi kabla mimi sijamaliza darasa la nane na kuweka birika langu kando yake. Hakuwa mpole. Mteja akilalamika kwamba nyama imechelewa, alimwambia aende akamle mbuzi akiwa bado anatembea. Lakini alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na jiko lile ndilo lililowalisha. Kisha ikaja ile mvua kubwa iliyokata barabara, na nyuma yake homa ya mifugo. Mbuzi walitupa mimba, wengi wakafa, na watu pia wakaugua. Kuchinja kukasimamishwa. Kuliporuhusiwa tena, daktari wa mifugo alituambia nyama iive mpaka ndani kabisa, digrii sabini na tano, lakini hofu haikumsikia daktari. Madereva waliagiza maharagwe. Wachomaji wawili wa hapa walifunga vibanda wakahamia Isiolo. Eddo aliwasha moto kila asubuhi, akaketi nao peke yake. "Mimi sifungi," aliniambia. "Nyama yangu inaiva. Shida ni moja, mimi peke yangu ndiyo najua."

Ndipo akamwagiza dereva huyu huyu: "Ukifika Nairobi, nitafutie kitu ya kubima nyama." Wengi wetu huku herufi ya p hutushinda, hugeuka b kabla haijatoka mdomoni. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa bara, alikuwa anakunywa chai kwangu, akacheka mpaka akajimwagia. "Kubima! Eddo, unataka kuikatia nyama bima, kama lori?"

"Haa, mwalimu," alikubali bila kugeuka. "Hiyo hiyo."

Dereva alirudi na vipimajoto vitatu, kwa makubaliano kwamba viwili atavirudisha dukani. Cha kwanza kilikuwa cha kioo, na Eddo hakukigusa. "Hii ikivunjika ndani ya nyama, nitakuwa nimewaua mimi, si ugonjwa." Cha pili kilikuwa na msumari mfupi wenye uso kama wa saa. Cha tatu kilikuwa na msumari uliofungwa waya mrefu, na mwisho wa waya kulikuwa na kasanduku kadogo kanakoonyesha tarakimu. Tulivijaribu vyote viwili kwenye birika langu likichemka, vikafika tisini na tisa, basi vyote vilisema kweli.

"Chukua cha saa," dereva alimshauri. "Hakitaki betri, na hakina waya wa kuungua."

"Cha saa nani atakisoma?"

"Wewe, mchomaji."

"Mimi sihitaji. Mimi najua nyama kwa kidole. Anayeogopa ndiye lazima aone, na anayeogopa hatakuja kusimama kwenye moshi wangu." Akaunyoosha waya kutoka jikoni mpaka kwenye meza ya wateja, akaweka kasanduku katikati, karibu na chumvi. Halafu akanigeukia. "Na wewe, abaayo, dada yangu uliyesoma, utasoma namba kwa sauti."

Nilitamani ardhi inifiche. Mteja wa kwanza alikuwa yule mwalimu, aliyekuja, nadhani, kucheka tena. Nilinong'ona hamsini. "Hata mbuzi hakusikia!" Eddo alifoka. Nikasema sitini, na mwalimu akanyoosha mkono. Akapigwa kofi vidoleni. "Ngoja sabini na tano!" Ilipofika, nilipaza sauti, na madereva walioketi upande wa maharagwe wakageuza vichwa. Mwalimu alikata pande, akalichungulia ndani, akala. Kabla ya adhuhuri meza ilijaa.

Miezi michache baadaye mwana-mbuzi aliutafuna waya. Kasanduku kakazima asubuhi, wateja wakiwa wameketi. Dereva alimwambia aache kasanduku mezani tu, watu wamekwisha kumwamini, hakuna atakayekatazama. Eddo alikaondoa. "Nikiweka kilichokufa mbele ya watu, mimi ni mwongo." Akatoa nyama motoni, akawaambia wanywe chai, na siku nzima hakuuza hata kipande, mpaka fundi wa redio alipouunga waya jioni. Alimtazama fundi akifanya kazi, akasema, "Siku moja watatengeneza isiyo na waya. Mbuzi watakosa chakula." Alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Moshi aliowakinga nao wateja, aliuvuta mwenyewe.

Nimeifikiria siku ile wiki nzima. Wengi wetu tunaofanya kazi kwa mikono huudhika mtu akitutilia shaka. Tunasema, niamini, nimeifanya kazi hii miaka mingi. Eddo hakudai kuaminiwa. Aliona kwamba hofu ya mteja si matusi, akaipa kiti na kitu cha kutazama. Ofisi ngapi, maduka mangapi, hata sisi tunaoandika magazetini, tunachagua kipimo kinachosomwa na mwenye jiko peke yake?

Jana binti yake mkubwa aliwasha lile jiko. Waya upo, una mafundo mawili ya utepe mweusi. Madereva waliketi, hawakujua kama waagize. Hakuna aliyeniita. Niliacha birika langu, nikasimama karibu na chumvi, nikasoma namba kwa sauti iliyofika mpaka kwenye malori: hamsini, sitini, sabini na tano. Mwalimu alikuwepo. Aliinua kipande chake na kusema, kwa b ya Eddo, safi kabisa, "Imebimwa." Hakuna aliyecheka. Tulikula.