Glasi Ambayo Hakuna Aliyeionja

Mimi naogopa glasi iliyojaa. Anayetaka kucheka na acheke. Baba yangu alikunywa glasi moja ya pombe ya ndizi harusini huko Uvira, akarudi nyumbani ameshika tumbo, na kabla matanga hayajaisha watu walishasema ni karuho, sumu ya kwetu. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile mwenye harusi alisahau kuonja. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo unapokea.

Woga huo nimehama nao ng'ambo, mpaka mji wa Buffalo. Mama yuko Louisville, mtaa wa Beechmont, na dada yangu yuko Columbus. Kila Jumapili mama hunipigia simu, na neno lake ni lile lile: "Mwanangu, usikunywe kitu yenye mwenyewe hajaonja. Donc, ata kama ni maji."

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Nilipewa bibi mmoja wa mtaa wa Lower West Side, Mroma kutoka Urusi, wa lile kabila la wahamaji lenye sifa ya muziki. Huko, kwa vizazi na vizazi, kwaya za Waroma ndizo Warusi walizoziita kuwaimbia karamuni, na bibi huyu alikulia ndani ya kwaya kama mimi nilivyokulia kanisani. Aliishi na binti yake, mpiga gitaa la nyuzi saba, mtu wa kucheka ovyo. Tulipendana upesi.

Siku yangu ya kuzaliwa waliniketisha kwenye kiti kikubwa. Binti akaanza gitaa polepole. Bibi akatoka jikoni na sinia, juu yake glasi moja tu, juisi ya tufaha mpaka ukingoni, akawa ananijia huku anaimba. Ndani ya wimbo nikasikia jina langu. Mwanzoni nilitabasamu. Kisha jina likarudi, likarudi tena, gitaa linazidi kukimbia, macho yao yote kwangu, na glasi hakuna aliyeigusa. Niliona watu wawili wanaliita jina langu ndani ya glasi, kama wachawi.

"Onja kwanza," nikasema. Sauti ilitoka ya kitoto.

Gitaa likanyamaza. Bibi akarudisha sinia jikoni.

"Dada," binti akaniambia, safari hii hacheki, "kwaya zetu humheshimu mgeni hivi. Analetewa glasi isiyoguswa na mdomo wa mtu, anaimbiwa jina lake, na wimbo hauishi mpaka aimalize. Mama akionja, amekutukana."

Niliomba radhi. Lakini kunywa, sikunywa.

Baridi ilipokaza, bibi aliugua kifua akagoma kunywa chochote. Maji hataki, chai hataki. Nesi akasema kwenye simu kwamba asipokunywa mpaka jioni atapelekwa hospitali, na kwa hali ile huenda asirudi. Binti alikuwa kazini. Nikajaza glasi maji na kuyaonja mbele yake, kwa mazoea yetu. Akageukia ukutani.

Hapo nikakumbuka. Nikaosha glasi, nikaijaza upya, nikaiweka juu ya sinia bila kuionja, nikaanza kuimba. Kirusi sijui. Nilijua sauti ya ule wimbo na jina la bibi, basi.

Alifumbua macho. Badala ya kunywa, aliisukuma glasi upande wangu kwa kidole, na kwa pumzi iliyobaki akaimba jina langu. Wimbo wangu wa siku ya kuzaliwa ulikuwa haujaisha, maana glasi yake sikuinywa. Wake ungeanzaje?

Maji yale niliyachota mimi mwenyewe bombani, na bado niliogopa. Ndivyo hofu ilivyo, haina adabu wala akili. Nilimwona baba ameshika tumbo. Nikafumba macho, nikanywa mpaka chini, nusu yakinimwagikia kifuani, nikasubiri.

Kisha nikajaza yake. Alikunywa kidogo kidogo, na kwa kuwa wimbo hauruhusiwi kuisha kabla ya glasi, niliimba mpaka nikakaukiwa sauti.

Jumapili mama alipopiga nilimwambia nimekunywa glasi ya watu, na imeimbiwa jina langu.

"Na nani alionja?"

"Hakuna, mama."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Bon," akasema. "Na bado uko?"

"Niko, mama."