Masouda na Chaki Zake za Rangi

Wifi yangu Masouda hasikii la muadhini wala la mteka maji msikitini. Siku aliyopata kitabu cha mchoraji Mfaransa wa zamani, mmoja wa wale Waimpreshonisti, aliyewachora wasichana wa dansi ya baleti kwa chaki za rangi, alisema na yeye ataweza. Karani wa wizara, tena mama mwenye familia, hapa mtaani kwetu Ansab! Tulimcheka mpaka basi.

Akaweza. Binti yake, Aya, alijifunza baleti kila Alhamisi. Darasani simu zilikatazwa, hata picha haipigwi, kwa hiyo Masouda alikaa nyuma ya dirisha la kioo akimchora. Miaka sita. Michoro arobaini na kitu, yote aliibandika ukumbini bila fremu. Dawa ya kugandisha unga wa chaki hakuipulizia, akidai inafifisha rangi. Mbishi yule.

Mwezi wa Februari Aya akafa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka kumi na mitatu.

Mimi ndiye shangazi mtu, msiba niliusimamia mimi. Watu wanakuja kusoma khitma, na nyumba yenye picha malaika hawaingii. Nikaibandua michoro yote, nikaipanga uso kwa uso ili wageni wasimtazame mtoto, nikaitia chini ya magodoro. Siku tatu wanawake wa ukoo walikaa juu yake, wakalia na kulala juu yake. Nami nilijiona nimefanya la maana.

Siku ya nne Masouda aliitaka.

"Nipe mwanangu nimtazame anavyocheza," alisema.

Nikaivuta. Unga ulikuwa umehama karatasi hii kwenda ile. Waridi limeingia kwenye kijani, nyuso zimefutika, miguu imebaki madoa. Masouda aliifunua mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bora angenipiga.

Tangu hapo anajaribu kuichora upya. Anaanza mguu, anafuta. Anaanza shingo, anaichana karatasi. Juzi aliniita chumbani, vidole vimejaa unga.

"Wifi, nna swali," aliniambia. "Aya akisimama kwa ncha za vidole, alikuwa akiinua mkono upi?"

Miaka sita alinialika kila Alhamisi nikamtazame mtoto, na kila Alhamisi nilimwambia nina kazi.