Hilfu Haikusema Mbuzi

Suwaylim bin Awda hakupata kuketi mahali kwa muda wa kutosha kumaliza glasi ya chai, ingawa ni chai hiyohiyo iliyomjengea jina. Mkewe, Freija, anasema alikuwa hivyo tangu siku ya ndoa. Mutayr, binamu yake na mwongozaji mwenzake, anashikilia kwamba mahangaiko yalianza mwaka wa mkutano. Kauli hizi mbili hazipingani: miguu isiyotulia alizaliwa nayo, sababu ya kutotulia aliipata ukubwani.

Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni kwenye milima ya Sinai. Waongozaji wa Kijabaliya, kabila la Mabedui wa milima hiyo, huenda kwa zamu, jina baada ya jina, lakini wageni walikuwa wakifika wameshika vikaratasi walivyopewa na wenzao waliotangulia: mtafuteni Suwaylim wa chai. Siri ya chai ilikuwa zaatarani, kichaka kifupi cha majani ya kijivu kinachoota katika nyufa za miamba, juu ya bonde la Umm Saika. Alikinyofoa mbele ya macho yao, maua kwa majani, akakitumbukiza katika birika lililopigwa masizi. Wageni walipiga picha. Waongozaji wengine wakaiga.

Mwezi wa Mei Daktari Nashwa, wa ofisi ya hifadhi, aliwaita waongozaji wote ukumbini. Aliwaonyesha picha ya kipepeo wa buluu, mdogo kama ukucha. Kipepeo huyo, alisema, haishi popote duniani ila kwenye milima hii, na kiwavi wake hali kitu ila maua ya zaatarani.

"Daktari," Mutayr akauliza, "na yeye tumtie kwenye zamu?"

Watu wakacheka. Suwaylim, ambaye tayari alikuwa amesimama karibu na mlango, hakucheka.

"Dada yangu, usitufundishe kulinda," alisema. "Kabla ofisi hii haijajengwa, babu zetu walikuwa na hilfu. Tunaapa, bonde linafungwa ili malisho yaote. Hiyo Umm Saika imefungwa sasa hivi, mpaka Kilimia kichomoze alfajiri. Mimi mwenyewe nimeapa, mkono wangu ndani ya mkono wa shehe."

"Hebu niambie mlivyoapa," alisema Daktari, akichukua kalamu. "Neno kwa neno, niandike."

Suwaylim akajikohoza, akainua kidole mithili ya ujiti wa kiapo. "Kwa uhai wa ujiti huu na Mola aabudiwaye, hautaingia Umm Saika mdomo wowote, kula wala kuonja…"

"Mdomo wowote," akarudia.

"Mdomo wa mbuzi, binamu!" Mutayr alimsaidia. "Malizia, twende zetu."

"Kwani mdomo wa mgeni ni mkia?" ilitoka sauti nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kwa Wajabaliya, aliyevunja hilfu huchinja mbuzi mbele ya walioapa naye na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake. Mpaka afanye hivyo, neno lake halipokewi, hata akishuhudia kwamba jua limechomoza. Suwaylim alikuwa mtu ambaye neno lake lilitosha wageni kukanyaga ukingo wa genge bila kuuliza. Asingekiri, angebaki na chai na kupoteza neno. Akikiri, chai imekwisha.

Hakungoja mkutano uishe. Alipanda Umm Saika, akahesabu vichaka kumi na tisa, vinane vikiwa vijiti vitupu. Nyumbani alizunguka uani hadi mbuzi wakaanza kumfuata.

"Keti ule, mwanamume," Freija alimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nimeifungia midomo yote bonde, halafu nimewanywesha wageni mia."

"Si useme ulimaanisha mbuzi?"

"Nilimaanisha mbuzi."

"Basi."

"Lakini sikusema mbuzi, Freija."

Zamu yake ilifika siku ya tatu: mume na mke, na kikaratasi chao. Walipofika juu ya Umm Saika hapakuwa na shahidi. Kichaka kimoja kilikuwa umbali wa mkono. Suwaylim aliinuka, akaketi, akainuka tena. Hatimaye alitoa mfukoni majani ya habaki, jamii ya mnanaa, kutoka bustani ya Freija. Mgeni alionja, akakitazama kikaratasi, akamtazama yeye.

"Suwaylim ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," alijibu. "Chai ndiyo nyingine."

Ijumaa iliyofuata alichinja. Alilitaja kosa lake akiwa amesimama, na wote wakala, hata wale waliomwiga.

"Binamu," Mutayr alisema, midomo iking'aa mafuta, "mdomo huu nao ulikuwa umefungwa?"

"Wako ungefungwa kwanza."

Mutayr ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono hilfu ilipoapwa upya, safari hii kwa maneno "mdomo wala kiganja". Vikaratasi vilipungua, kisha vikakoma.

Tangu hapo kila masika Suwaylim hupanda kuhesabu vichaka, na hesabu yake hailingani mara mbili. Kuhusu kipepeo, ana kauli mbili. Ya kwanza, alimwona mwaka wa pili, juu ya kichaka cha saba kutoka chini. Ya pili, huenda ilikuwa kipande cha karatasi ya peremende ya mgeni. Nilipomwomba achague moja, alikuwa ameshavaa viatu.

"Twende ukahesabu mwenyewe," alisema, na glasi yake ikabaki nusu.